Mguu Wangu wa Kulia

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wifi kifua kimempungua, na watoto bado wanakunyima usingizi kwa kelele zao. Huku mama hajambo, ila analalamika kwamba ukipiga simu unakuwa na haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Mimi ukiniuliza nitajibu sijambo, kama kawaida yangu, lakini leo nakuomba usiniamini upesi. Kaa kwanza, soma polepole.

Juma lililopita kampuni ilituletea wataalamu wanaochunguza miili ya madereva. Waligeuza ile stoo ya vipuri, pale ulipokuwa ukitundika ovaroli yako, wakaweka kiti cha basi, usukani, pedali na skrini kubwa inayoonyesha barabara. Ukikaa wanakufunga nyaya vidoleni za kupima jasho na mkanda kifuani wa kuhesabu mapigo ya moyo. Chini ya kiti kuna mashine inayotetemeka kama injini, na masikioni unavalishwa vidude vinavyoleta mngurumo. Mkuu wao, mama mmoja wa miwani, alitueleza kwamba dereva akipata mtetemo na sauti sawasawa, mwili wake hujiona umeenea mpaka kwenye bodi la gari. Ukimwondolea hivyo, hurudi kuwa mtu aliyekaa kitini tu.

Dereva mwenzangu Kipara, ambaye unajua haogopi kitu duniani isipokuwa mke wake, alisema hayo ni mambo ya watu wasio na kazi. Alipokaa, tawi la mti likaparuza ubavu wa basi kwenye skrini na kiti kikatikisika upande huo. Akavuta mkono, akajisugua bega, akaapa kwamba limemchoma. Tulicheka mpaka machozi, huku mashine ikionyesha moyo wake unavyokwenda mbio.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilivua kiatu cha kulia kama ilivyo desturi yangu, ile uliyokuwa ukinitania kwamba naendesha kama niko sebuleni. Duru ya kwanza nilipita vizuri, mama wa miwani akanisifu kwamba najua mkia wa basi unapoishia kuliko wanaume wote. Duru ya pili akazima sauti na mtetemo. Mwanamke mwenye beseni la nguo akakatiza barabara, nami nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Picha haikusimama, ikampita juu yule mwanamke. Mama wa miwani aliponiuliza mguu wangu uko wapi, nilimjibu bila kusita kwamba uko kwenye breki. Akawasha sauti, nikasikia injini inapiga kelele. Nilipoinama kutazama, mguu ulikuwa kwenye pedali ya mafuta.

Akaniambia nifumbe macho, nitaje kila kidole cha mguu atakachokigusa. Nilingoja, nikangoja, mwisho nikamuuliza anaanza lini. Alisema amekwisha maliza.

Lakini kilichomtisha zaidi, kaka, ni moyo wangu. Alinionyesha mstari wake kwenye karatasi. Wenzangu wote mioyo iliruka walipokosea, wangu ulitulia tuli, na vidole vilikuwa vikavu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mwili wangu uliamini kabisa kuwa umesimama. Nilitoka mle stoo nikiwaza kwamba kila asubuhi nabeba wanafunzi thelathini na wanane.

Daktari amekuta kisukari, na si cha jana. Anasema mishipa ya fahamu ya mguu imekuwa ikifa kidogo kidogo kwa miaka kama miwili. Nimekuwa nikiendesha kwa kusikiliza injini na kwa mtetemo unaopanda nyongani kutoka kwenye kiti. Mguu wenyewe ulikuwa abiria.

Sasa kaka, rudi nyuma nami miezi saba. Unakumbuka juma lile ulipolibadilishia basi langu raba zote zinazobeba injini? Uliweka glasi ya maji juu ya dashibodi, ukawasha, maji yakatulia, na mafundi wenzako wakakupigia makofi. Asubuhi iliyofuata nilipoliondoa nilijiona nimekaa juu ya godoro, nikasema moyoni kaka yangu amenipa basi jipya. Nilipofika kwenye ukuta wa mahali pa kuoshea magari nikakanyaga, basi likaruka. Mlinzi alijitupa pembeni akavunjika mkono. Nikashuka nikipiga kelele kwamba breki zimekataa.

Ulizifungua mbele ya watu wote, hukuona kasoro. Meneja akakuuliza aamini macho yako au dada yako. Ukasema dada yako hasemi uongo, basi huenda uliacha hewa kwenye mabomba ya breki. Ukatia saini, wakakufukuza.

Kaka, nilisikia injini ikinguruma kabla ya ule ukuta. Breki haingurumi, na hilo ulinifundisha wewe. Kabla sijafika nyumbani siku ile nilikwisha jua kwamba nilikanyaga mafuta. Niliogopa kunyang'anywa usukani, nikanyamaza. Tena nikaomba nirudishiwe lile basi kuukuu nililoendesha zamani, linalotikisika kama mashine ya kusaga, nikasingizia mazoea. Mguu ulinidanganya mara moja, lakini miezi saba yote nimedanganya mwenyewe.

Uliniandikia kwamba siku hizi unaziba pancha na kuchaji betri tu, maana kwenye breki huiamini tena mikono yako. Nilisoma maneno hayo ndani ya basi, nikaikunja barua, nikawasha injini. Naona aibu hata kuyaandika.

Jana nilisimama mbele ya meneja, madereva na mlinzi, nikasema yote, nikakabidhi leseni. Meneja ameahidi kukuandikia. Mlinzi alinitazama mguu tu. Sikuombi urudi, wala sikuombi unisamehe haraka. Kasirika kadiri moyo wako utakavyotaka, ni haki yako.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama nitamweleza mwenyewe leo jioni, na kwa hilo niombee.

Nakuomba jambo moja tu. Kesho ukifika gereji, gari la kwanza litakaloingia, fungua breki zake kwa mikono yako. Zile za siku ile ulizifunga vizuri, kaka. Mimi sikuzikanyaga.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenibatiza Bi Gia