Mia Mbili Sabini na Tatu

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila goti la mama tu, ambalo siku hizi lina kauli kuliko mwenyewe. Anakusalimu na anasema umenyamaza mno.

Barua hii ina ombi, na ombi lenyewe linamhusu Kalori. Najua umeshakunja uso. Nakusihi usiichane, soma mpaka mwisho, halafu ununie utakavyo.

Pale kiwandani tumeletewa mashine mpya ya kuchemshia maziwa, na injinia aliyetumwa kuifunga ni yeye. Kanenepa, upara unabisha hodi, lakini bado anatafuna vifuniko vya kalamu. Aliponiona kitu cha kwanza aliuliza habari zako. Nilimjibu kwa mkato, maana mimi ni wa upande wako.

Sasa mashine hii haikubali kuwashwa mpaka uiambie maziwa yanakula joto kiasi gani. Bati la mashine ya zamani limeandikwa 0.93, kalori kwa gramu kwa digrii. Hii mpya inataka juli kwa kilo kwa kelvini. Wallahi kaka, nilipoona kalori na juli kwenye karatasi moja nilirudi nyumbani kwetu papo hapo, kwenye ile meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua, wewe na rafiki yako mkigombania kipimo kipi cha joto ni bora na mimi nikijifanya naelewa. Yeye hakutaka kusikia habari ya juli, ndipo ukambandika lile jina. Mama akija na sufuria anawaambia kama ni kalori zimo humu, toeni madaftari watu wale. Baba alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Nimeikumbuka ile meza, kaka.

Basi nikazidisha kwa 4.2 kupata juli, nikazidisha kwa elfu kutoka gramu kwenda kilo, nikapata 3,906. Kumbe kilichobaki ni kelvini, na mkono wangu ukaanza kuandika 273. Kalori akaishika kalamu yangu. Akasema niache hapo hapo, siongezi kitu: hatua ya kelvini na hatua ya digrii ni sawasawa, zinatofautiana pa kuanzia tu, na maziwa yakipanda digrii ishirini yamepanda kelvini ishirini. Kisha akaanza kukitafuna kifuniko cha kalamu yangu, na mimi nikajua anawaza nini.

Nawe unajua. Kwenye mtihani wa vitendo joto lilipanda ishirini, akakunong'oneza uongeze 273, jibu likaharibika na chuo ukakikosa. Miaka yote hii unasema alikuzamisha makusudi, yeye akaandika lililo sahihi. Nikaona leo ni leo, nikamuuliza usoni.

Kaka, na yeye aliiongeza. Alikunong'oneza alichoamini. Swali lile lile lilimwangusha, akarudia mwaka mzima shule ya mbali, kati ya watoto waliokuwa wakimwita babu. Alikuja kukueleza hapo nyumbani, ukatuma jibu kwamba hupo. Alikuona dirishani. Hakurudi tena, wala hakumwambia mtu, kwa sababu, anasema, ulikuwa na haki ya kukasirika. Nililia pale pale kwenye maabara ya kiwanda, na koti langu jeupe, kama mjinga.

Haya, nimeze mate niseme. Mashine ilishawaka zamani, lakini injinia bado anakuja kuikagua. Ameniomba nimuoe, yaani anioe. Unaona hata kalamu inakosea. Nimekubali. Mama anajua na amefurahi, goti na yote. Lakini baba hayupo, na sitaki kutolewa nyumbani na mjomba wala jirani. Nataka wewe. Ukikataa nitaolewa, sikufichi, lakini nitatoka mlangoni peke yangu, na itaniuma maisha.

Msalimie sana wifi, watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakuombea kila siku, hata ukinyamaza.

Jambo moja zaidi. Kalori naye anataka kukuomba usimame upande wake siku hiyo, maana anasema rafiki mwingine hajawahi kumpata. Nimemwambia asijisumbue, nimeshamuwahi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba