Ile ya Juu Kabisa Usiifungue

Ghorofa ya juu, nyuma ya ghala la mbao,
Jumapili asubuhi, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu Sindano,

Salamu nyingi, ndefu kama uzi wa cherehani yako. Hujambo? Goti la Mama limepoa? Na Shangazi, bado anagombana na kuku wa jirani? Mimi mzima, ila kidole gumba kimeota sugu. Usicheke. Mabega yaliyobeba magunia yamestaafu, sasa kinachobeba ni kidole.

Ujumbe wako niliupata. Nilijibu "hongera" tu kwa sababu simu zetu husomwa na nyapara. Barua hii ataitoa dereva anayeleta maji ya kunywa. Amekubali kuificha kwenye soksi.

Kazi ya kupakia mizigo niliyoahidiwa haikuwepo. Tunakaa chumba kimoja, simu zimepangwa mbele yetu kama mayai kwenye trei. Tunaandika maneno tuliyopewa, tunatafuta, tunashuka mpaka tuikute tovuti ya mteja. Tunaifungua, tunazubaa humo kidogo kama wateja wa kweli, tunatoka, tunaanza upya. Tovuti ikifunguliwa sana mtandao hudhani ni ya maana, huipandisha juu. Mwenzangu wa kitanda cha chini, aliyekuwa mpishi, anasema sisi ni kuku wa kudonoa vioo. Tukicheka, nyapara anafoka: "Vidole, wazee, vidole! Midomo ipumzike!"

Kutoka hatutoki. Pasi zetu za kusafiria zimo kabatini mwa nyapara, na kufuli la lango liko upande wa nje.

Sasa nisikilize. Umeniambia umepata kampuni ya kazi za ng'ambo, ya kwanza kabisa ulipotafuta, na kwamba uliiamini uliposoma sifa za dada mmoja aliyeandika, "Huku tunakula mpaka kope zimenenepa." Ukasema huyo dada lazima amelelewa na bibi kama wa kwetu.

Hakuna dada, mdogo wangu. Ni mimi. Sifa nazo tunaziandika sisi, na siku hiyo maneno yaliniishia, nikaazima ya Bibi. Kampuni hiyo ndiyo iliyonileta hapa, na ndiyo tunayoipandisha.

Usiuze cherehani kwa ajili ya nauli yao. Kama mnunuzi ameshaibeba, mfuate, hata kwa machozi. Mama mwambie tu kwamba safari imevunjika. Habari za kufuli apewe Mjomba peke yake. Yeye alikuwa askari, anajua mlango wa kubisha.

Kesho nitaketi tena niipandishe, sina ujanja. Ukiitafuta utaikuta pale pale juu. Usiifungue hata kwa kuitukana, maana kila anayeifungua ananisaidia kuisukuma.

Nisalimie Mama, Shangazi na Mjomba, na kuku wa jirani kama bado wako hai. Mungu aulinde mlango wenu, na huu wa kwetu aufungue.

Wako akupendaye, ambaye ndiye yule dada,
Kaka Gogo