Upande wa Kushoto wa Kinywa

POLISI, KAMINA
Maelezo ya shahidi, yameandikwa Ijumaa tarehe 5 mwezi wa sita 1953, saa tatu ya asubuhi.
Jina: Débora Mbuyu, mke wa Éliézer Kabwe
Umri: miaka 46
Kazi: kuuza samaki sokoni
Makao: kambi ya reli, Kamina

Nimekuja mwenyewe, hakuna aliyeniita. Kalani Gaston Kalenga, anayeandika, ameniambia niseme pole pole. Nitasema pole pole, lakini nina hasira, na hiyo pia aiandike.

Mnamo tarehe 2 mwezi wa tatu mwaka huu, Jumatatu, saa mbili ya asubuhi, watu arobaini wa kambi tuliitwa kwenye dispansari. Wote tulikuwa na ugonjwa mmoja: fizi zinavimba, zinatoka damu, meno yanacheza. Dokotoro wa meno, Mzungu aliyetoka Élisabethville, alikuwa na kijiti chembamba cha chuma chenye alama. Alikiingiza kati ya jino na nyama yake, akawa anataja kimezama kiasi gani, na kikizama sana ni ugonjwa: nne, sita, saba. Infirmie wetu Zacharie Kitenge, muuguzi wa dispansari, aliandika. Kisha dokotoro akakwangua ukoga kwenye meno na kupaka dawa nyekundu. Alinifanyia na mimi. Iliuma, lakini nilishukuru.

Nilipofika nyumbani nikapitisha ulimi. Kuume, meno laini. Kushoto, ukoga ule ule wa zamani. Nikafikiri amechoka, atamaliza kesho. Nikawauliza wenzangu. Wote arobaini walikuwa wamekwanguliwa kuume tu.

Mnamo tarehe 23 ya mwezi ule ule dokotoro alirudi kutazama. Upande wa kuume watu walikuwa wamepona. Jirani yangu Léa Umba, mwenye mutoto wa kunyonya, upande wake wa kushoto ulikuwa umevimba mpaka jicho linafumba. Siku nne hakula bukari, ugali wetu wa kila siku. Alimwomba dokotoro amfanyie na kushoto. Dokotoro akasema kwa Kifaransa, Zacharie akageuza kwa Kiswahili: "Mama, anasema kushoto ni kwa kutazama tu mpaka mwezi wa sita. Anapenda kuona kama dawa njo inaponesha, ao fizi zinapona zenyewe."

Kutazama! Ee, kalani, nyumba yako inavuja, mtu anakuja kuziba bati za upande mmoja, halafu anakaa kwenye kiti kutazama mvua inavyokunyeshea upande wa pili? Na hakutuuliza. Angetuuliza, labda wengine wangekubali. Sisi tuna vinywa, tunajua kusema ndiyo, tunajua kusema hapana. Tangu siku ile kambi nzima tunamwita Bwana Nusu.

Léa alilia njiani. Mimi sikulia. Nilimwambia: "Acha kulia, mutoto wangu. Tangu lini muntu ananawa mukono moja?"

Sasa niseme nilichofanya. Miaka ishirini ninasafisha samaki wa ziwa Kisale, mkono wangu unajua kukwangua magamba bila kupasua ngozi. Kazi ya dokotoro niliitazama vizuri, maana siku ile nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa sita. Bwana yangu Éliézer alitoa njiti moja ya gurudumu la baiskeli yake, akapinda ncha, akainoa kwa tupa. Aliuliza: "Ni ya nini?" Nikamwambia: "Ni ya kumaliza kazi ya wengine."

Jumamosi tarehe 28, saa nane ya mchana, kwenye uwanja wangu mbele ya jua, nilimfanyia Léa upande wa kushoto. Kabla ya kuanza nilichemsha njiti ile, kisha nikampa maji ya moto yenye chumvi asukutue. Usaha ulitoka mwingi. Siku ya tano alikula bukari. Jumamosi iliyofuata nilikuta watu sita mlangoni, na mmoja wao amekuja na kiti chake. Mpaka mwisho wa mwezi wa tano nilikuwa nimekwangua vinywa thelathini na tisa, vyote kushoto. Sikuomba kitu kwa mtu.

Zacharie hakujua. Tulimficha kusudi, kwa sababu yule ni mtu wa ukweli kupita kiasi. Dokotoro angemuuliza, angesema yote.

Jumatatu tarehe 1 mwezi huu dokotoro alirudi kupima. Mimi sikuwapo, nilikuwa Bukama kuchukua samaki. Léa aliniambia hivi: dokotoro alipima kuume, mbili, tatu. Akapima kushoto, mbili, tatu. Mtu wa kwanza, wa pili, wa kumi. Uso ukawa mwekundu. Watu walipoulizwa walinyamaza, kila mmoja akidhani akisema ataniletea shida. Basi dokotoro akasema ni Zacharie aliyeiba dawa na kuwatibu kwa siri, akaharibu kazi ya miezi mitatu. Saa tano Zacharie akapelekwa buloko, akafungiwa humo.

Nilirudi Jumatano jioni, nikasikia. Jana nilimpelekea chakula. Aliniambia: "Mama, minyi shikuiba kintu. Batanipokonya kazi." Ana miaka kumi na mbili katika kazi ile. Nusu ya watoto wa kambi walizaliwa mikononi mwake. Nilimwambia ale, hakula.

Basi andika hivi, kalani, na usipunguze. Chupa za dawa nyekundu zitazamwe, zote ziko mahali pake. Mimi nilitumia chumvi. Kama chumvi yangu na dawa ya dokotoro zimelingana, hilo si kosa la Zacharie. Tena nasikia dokotoro anataka kuandika kwamba kukwangua hakusaidii kitu, kwa sababu pande zote mbili ziko sawa. Uongo! Ziko sawa kwa sababu zote mbili zilikwanguliwa! Akiandika vile, watu wa kambi nyingine watabaki na fizi zao za damu, na sababu itakuwa ni sisi. Jambo hili linaniuma kuliko buloko.

Umeniuliza nani atashuhudia kwamba sisemi haya kumwokoa Zacharie tu. Nimesema vinywa thelathini na tisa. Wa arobaini ni wangu. Kinyozi hajinyoi, ndani ya kinywa changu sioni, na kila mwanamke niliyempa njiti aliogopa, akanirudishia. Kama Zacharie angekuwa anatibu watu kwa siri, angeniacha mimi tu? Upande wangu wa kuume umepona, wa kushoto unaoza. Nusu anayoitafuta dokotoro ninayo mimi. Aje apime.

Nimesema niliyoyafanya kwa mkono wangu. Nimesomewa, ni maneno yangu, na hasira ni yangu vilevile.

(Sahihi) Débora Mbuyu

Maandishi ya kalani: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Gaston Kalenga, mbele ya polisi Xavier Mwanza. Njiti moja ya baiskeli, ncha imepindwa, imepokelewa. Shahidi amefunua kinywa mbele yetu. Kuume fizi ni ngumu, hazina damu. Kushoto zimevimba, jino moja linacheza, na damu ilitoka alipoligusa kwa ulimi. Dokotoro ameitwa, atafika Jumatatu. Nilimpa shahidi maji ya moto yenye chumvi asukutue. Amekataa. Amesema damu hiyo anamwekea dokotoro, na hataigusa mpaka Zacharie atoke.