Nane ya Kwenye Kadi ya Oili

Shamimu, uko? Leo nimefanya ubaya, na nimeufanya kwa kukaa kimya. Mimi, mwenye mdomo huu!

Gari la baba limekufa kwenye mlima wa Susuni. Lililia kama filimbi, likatoa moshi wa bluu, nguvu zikaisha. Tumelivuta hadi gereji kwa fundi Dullah. Kufungua, oili imekuwa matope.

Dullah akasema, "Mzee, turbo imekwisha, ile inayoipa injini nguvu. Hizi injini ndogo za turbo hazivumilii oili iliyochoka."

Baba akachomoa kwenye usukani kadi ya oili, ile ambayo fundi huandika lini ibadilishwe tena. "Si uliandika mwenyewe nibadilishe kwenye kilomita elfu themanini na nane? Hazijafika!"

Shamimu, Dullah aliandika themanini na tatu. Ile tatu niliifanya nane mimi, kwa kalamu, wiki ya harusi yako Kisaka, baba aliposema gari halitoki kabla ya kubadilishwa oili. Nikamwonyesha kadi: "Baba, mbona bado sana?" Akaniamini. Miezi minne ananiamini!

Dullah aliitazama kadi, kisha akanitazama mimi. Anaujua mwandiko wake. Akasema, "Labda nilikosea, mzee."

Labda nilikosea! Yeye!

Baba akamwambia mbele ya mafundi wote, "Gari langu usiliguse tena. Na msikitini nitawaambia watu wasikuletee magari." Nami nimesimama kama nguzo.

Sasa hivi baba anatawadha aende swala ya alasiri. Nimevificha viatu vyake. Hatoki hapa kabla sijamwambia.