Nusu ya Kurudi

Jumatano, 25 Mei 1955

Idi pili, na mke wangu ameondoka. Mwanarusi kaenda kwao Unguja, kwa ndege, maana bahari humtapisha. Kisa ni mamangu: kila siku nioe mke wa pili, apate mjukuu. Na mimi kimya. Kimya changu ndicho kilichomchosha.

Mombasa, kwenye ofisi ya ndege, aliomba tikiti ya kwenda tu. Karani akamwambia ya kwenda na kurudi ndani ya mwezi mmoja ni rahisi kuliko hiyo! Wajanja huinunua, nusu ya kurudi wakaitupa. Mwanarusi akaichukua. Nikamwuliza, utaitupa? Akaitia mkobani.

Jumatano, 22 Juni

Ndege ya leo imetua bila yeye. Nilisimama mpaka abiria wa mwisho. Mfunguo mosi, mwezi wa Idi, umekwisha, jana tumeuona mwandamo. Aliondoka siku ya pili ya mwezi, basi kesho tikiti inakufa — na ndege nyingine ni Jumamosi. Ameitupa. Mjinga mimi.

Alhamisi, 23 Juni

Posta ya hapa Msambweni. Nikamweleza karani, Suleiman, yaliyonifika. Akanitazama kwa huruma. Bwana Othman, akasema, watu wa ndege hawangojei mwandamo. Wao ni kalenda ya ukutani, tarehe 25 mpaka tarehe 25.

Jumamosi! Mimi miezi yangu ni ya kuandama tangu utotoni, sikuwaza kuna mwingine. Alhamdulillahi. Nimekula wali sahani mbili.

Jumamosi, 25 Juni

Amekuja. Sikumtambua kwanza — mnene, anashuka ngazi kwa taabu. Magauni manne, moja juu ya jingine, na buibui juu yake. Mzigo hupimwa kwa mzani, mtu hapimwi, ndivyo alivyoniambia, jasho linamtoka. Nilicheka mpaka machozi. Anayekuja kuchungulia tu havai magauni manne.

Kwenye kivuko cha Likoni nikamwuliza mbona hakuja Jumatano. Alikuwa bado anafikiri, akasema.

Sasa alasiri, tuko chumbani. Yeye anavua, mimi naandika, roho imetulia. Mama yuko ukumbini. Shikamoo ya mkwewe ameiitikia vizuri, kisha kaanza tena: kuna binti huko Kombani, Kibibi, mwenye adabu zake, na nyumba bila mtoto...

Mwanarusi gauni la pili limemfika mabegani. Amelishika hapo hapo, halivui wala halirudishi. Ananitazama mimi.

Naweka kalamu, nikamjibu Mama.