Nyumba Isiyopigiliwa Msumari

Ipogolo,
Iringa.
Jumapili, 11 Mei 2025.

Mpendwa wifi yangu Alinanuswe,

Kamwene! Najua hapo umeshaanza kucheka, maana tangu niolewe kwenu hujaacha kuniigiza ninavyosalimia Kihehe. Cheka tu, nami nimetabasamu kidogo nilipoliandika.

Habari za Shinyanga na jua lake? Lile goti limepoa, au bado unashuka ngazi kinyumenyume? Baba Anyelwisye naye presha anaipima au anajifanya kijana? Anyelwisye mwenyewe nasikia mwaka huu anamaliza chuo. Mungu amfikishe salama, maana alivyokuwa mtundu yule, nani angeamini?

Ukituuliza sisi, tunakula, tunalala, kanisani tunakwenda. Kaka yako Asukile mwili wake hauna neno. Nasema mwili, wifi. Hayo mengine ndiyo yamenikalisha leo na kalamu, jambo ambalo sijalifanya tangu simu ziingie. Kwenye simu siwezi kusema. Nikikupigia tu, Asukile anavuta kiti karibu, anadai asalimie, na unamsikia anavyoongea vizuri mpaka unanishukuru kwa kumtunza. Halafu nakata simu naenda jikoni kulia.

Ngoja nianzie mbali kidogo ili usije ukamlaumu asiyehusika.

Unakumbuka tulipostaafu na kuuza nyumba yetu ya Iyunga, Mbeya, kaka yako alitaka tukishuka Iringa tu tununue nyingine papo hapo. Kifua chake kilikuwa kimeikataa baridi ya Mbeya, binti yetu Happy na mjukuu wetu Blessing wako huku, na mimi mwenyewe kwetu Kilolo pale, siyo mbali. Kuhama tulikubaliana bila ubishi. Kununua ndiko kulikotugombanisha. Mimi nilikuwa na mfano wa Sifaeli, yule nesi mwenzangu. Alistaafu akanunua nyumba Chimala kwa kuiona siku moja tu, tena siku ya gulio, akapendezwa na watu na mchele. Kiangazi kilipofika akakuta kisima kimekauka na joto halimpi usingizi. Miaka miwili hakumaliza, akaiuza huku analia. Nikaapa kwamba mimi Evarista sinunui nyumba kwa macho ya siku moja. Nikasema tupange kwanza mwaka mzima, tuone masika na kipupwe, tujue maji yanatoka siku gani na majirani ni watu wa namna gani, ndipo tununue.

Wifi, kwa hilo sikukosea, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nyumba ya kwanza aliyoipenda kaka yako huku Iringa, masika yalipokuja maji yalipita sebuleni kama mtaro.

Basi tukapanga hapa Ipogolo kwa Mzee Jailos, vyumba viwili na sebule, barabara kuu iko mbele tu. Ni mtu safi, mzee wa kanisa, ila kwa masharti humwezi. Lipu ilikuwa mpya, na kwenye mkataba ameandika kwa mkono wake kwamba mpangaji asipigilie msumari ukutani. Nami unanijua. Miaka thelathini na moja ya wodini imenifundisha kwamba kilichoandikwa kimeandikwa. Siku ya kwanza kaka yako alitoa nyundo na pima maji, akashika picha ya mama yenu, anatafuta pa kuitundika. Nikamnyang'anya nyundo. Nikamwambia hii ni nyumba ya watu, vitu vyetu vikae kwenye maboksi, tutavifungua kwetu.

Fikiria, wifi! Mwalimu wa useremala, aliyefundisha nusu ya mafundi wa Mbeya kushika randa, mimi nikamkataza kupiga msumari mmoja. Alirudisha nyundo kwenye boksi. Karibu mwaka mzima tuliishi na kuta tupu, nyeupe, na maboksi kumi na manne yamepangwa ukumbini.

Kisha akaanza kuniuliza, "Mama Happy, tunarudi lini nyumbani?" Mwanzoni mara moja kwa wiki, baadaye kila siku, baadaye kila chai. Mimi nikadhani ananisuta. Nikadhani ndiyo namna yake ya kunikumbusha kwamba nilimkatalia kununua, maana kaka yako akinuna huwa hapigi kelele, anakuchoma kidogokidogo. Nami nikawa namjibu kwa ukali. Akiweka chumvi kwenye chai nasema hana akili timamu kwa sababu ya hasira. Akimwita Blessing kwa jina la Happy nasema ni uzee. Mimi, wifi, niliyewahi kuwaambia ndugu za wagonjwa wasipuuze dalili hizohizo! Ningekuwa na mtu wa kunichapa ningemwomba anichape.

Jumanne moja mwezi wa tatu aliniuliza tena, nami nilikuwa nachagua maharage, nimechoka. Nikamwambia, "Kama umechoka kupanga, si uende huko Iyunga! Nani amekushika?" Nilisema hivyo hivyo kama ninavyokuandikia.

Akavaa koti, akaenda.

Nilifikiri amekwenda kununua gazeti barabarani. Saa nne sikumwona, saa sita sikumwona. Happy akaacha kazi akaja, tukauliza madukani, tukauliza wauza matunda pale mabasi yanaposimama, tukaenda polisi. Simu yake ilikuwa inaita ndani ya boksi ukumbini. Alasiri akapiga Fred, yule kijana tuliyemuuzia nyumba. Akasema, "Mama, shikamoo. Mwalimu yuko kwangu, ni mzima, usihangaike." Mkewe alikuwa amesikia mtu anahangaika na kitasa cha mlango wa jikoni, akachungulia, akamkuta kaka yako anasukuma ufunguo ambao hauingii. Siku tunahama tulidhani amewapa funguo zote, kumbe huo mmoja aliuficha. Nao walikuwa wamebadilisha kitasa.

Tulifika Iyunga kesho yake. Nilimkuta barazani kwetu, yaani kwao, amepindua kigoda chao anakirekebisha mguu, mbarachichi wake alioupanda wakati Happy ni mtoto umemfunika kwa kivuli. Akainua macho akaniambia, "Umechelewa leo. Ulikuwa zamu ya usiku?"

Happy akatoka mbio kwenda nyuma ya nyumba. Mimi nikakaa chini pale pale.

Akaninong'oneza ili wenyeji wasisikie. Akasema hawa wapangaji wetu ni watu wazuri, chai wanatoa na ua wameufagia, ila kuna jambo moja limemuudhi. Wametoboa kuta. Wametundika picha zao kila mahali. Akauliza, "Kwani mkataba hukuwaandikia wasipigilie misumari?"

Wifi yangu, katika vitu vyote vilivyomtoka kichwani, sharti hilo ndilo lilikuwa limebaki. Nilimjibu kwamba nilisahau kuliandika. Akanisamehe. Sijui kama nitawahi kujisamehe mimi.

Tukarudi naye kwa basi. Tulipopita Chimala akanionyesha nje kwa kidole, "Pale ndipo kwa Sifaeli, aliyenunua nyumba bila kuuliza." Nyumba ya Sifaeli anaikumbuka. Anayolala kila siku haijui.

Daktari hapa mjini alimpima siku tatu. Akaniita pembeni, akanieleza kwa utaratibu kama nilivyokuwa nikiwaeleza wengine. Ni ugonjwa wa kusahau, hautarudi nyuma, na tunachoweza ni kumpa utulivu. Akanikataza nisibishane naye, na nisimhamishe tena. Kila nyumba mpya, alisema, itampunguza.

Nilipotoka hospitali nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Jailos. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nimejifunga na kanga kiunoni. Nikamweleza yote. Akaingia ndani, nikajua nimefukuzwa. Akatoka na pakiti ya misumari, akaja nayo mwenyewe mpaka sebuleni kwetu, akamwambia kaka yako, "Mwalimu, chagua unaoutaka, na mahali unapotaka."

Laiti ungekuwepo. Asukile alipima ukuta kwa kiganja, akaweka alama kwa penseli, akashika msumari kwa midomo kama zamani. Mapigo matatu, haukupinda. Akatundika picha ya mama yenu, ile aliyosimama mgombani Rungwe, ana kanga ya njano na anakataa kucheka. Akaweka pima maji juu ya fremu. Akarudi nyuma, akaangalia sana, akasema, "Sasa hapa pana mtu." Mzee Jailos aliinama akaokota kofia yake akaondoka. Mimi nililia kwa furaha, nikafungua maboksi yote kumi na manne siku ile ile, mazulia, vyombo vya harusi, kila kitu.

Jioni nikamwekea chai. Akakoroga, akatazama picha, akaniuliza, "Mama Happy, tunarudi lini nyumbani?"

Mimi nesi mzima nilikuwa nimeamini msumari utamponya. Basi huo ndio ujinga wangu, nimekuandikia uujue.

Ile nyumba ya Kihesa niliyokusimulia wakati wa Krismasi tumeiacha. Mwaka wetu wa kupanga unaisha mwezi ujao, na hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba yenyewe ya kununua, nilikuwa nimeshaichunguza mpaka choo. Maji yanatoka siku tano kwa wiki, jirani wa kulia ni Mlutheri na wa kushoto ni Mkatoliki kama mimi, na nyuma kuna banda ambamo moyoni nilikuwa nimeshaweka meza ya kufanyia kazi ya kaka yako, upande unaopata jua la asubuhi. Nilikwenda peke yangu kuiaga. Mwenye nyumba alidhani nataka kupunguziwa, akawa ananisifia bati. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Nilisimama kidogo kwenye lile banda, nikarudi kwa miguu.

Kwa hiyo tutabaki hapa kwa Mzee Jailos, wapangaji, mpaka mmoja wetu atolewe. Ameshachana ule mkataba akaandika mwingine wa mistari minne. Misumari haimo. Mimi niliyetaka kuchagua nyumba kwa uangalifu kuliko watu wote, ndiyo nimechagua hivi.

Sasa ombi langu, na ndiyo sababu ya barua yote hii. Njoo, wifi. Usisubiri Desemba, usisubiri goti lipone. Anyelwisye akulete, au panda basi mwenyewe na Happy atakupokea. Wiki iliyopita mdogo wangu Paskalina alishuka kutoka Kilolo na mahindi mabichi. Kaka yako alimkaribisha vizuri sana, akamkalisha, kisha akanifuata jikoni kuniuliza huyu mama ni nani. Paskalina alisikia. Alikula kwa adabu, akaaga mapema. Wewe bado hajakusahau. Leo ameona naandika, akauliza ni nani, nikasema kwa makusudi, "Naandikia mtu wa Shinyanga." Akasema, "Alinanuswe! Mdogo wangu." Sikumtajia jina, nakuapia, amelitoa mwenyewe. Nami nataka ufike likiwa bado liko mdomoni mwake.

Ukija usimrekebishe. Akisema jambo la mwaka themanini, ingia nawe huko huko. Uje na nyimbo zenu za utotoni, maana hizo anaimba bila kukosea hata neno, na mimi Kinyakyusa changu cha kuolewa nacho kinamchekesha tu.

Msalimie sana Baba Anyelwisye, mwambie presha siyo ya kutania. Mpe Anyelwisye pole ya masomo. Happy anawasalimu, na Blessing anasema bibi wa Shinyanga aje na karanga. Mzee Jailos naye kasema nikuandikie kwamba atakutafutia kitanda. Mwenyezi Mungu akulinde safarini, akufungulie njia, atukutanishe wote tukiwa tunafahamiana. Ndaga fijo kwa kunisoma mpaka hapa.

Nimemwachia kaka yako nafasi hapa chini. Ameng'ang'ania aandike salamu kwa mkono wake, na nimeahidi sitafuta kitu.

Ni mimi wifi yako nikupendaye na kukungoja,
Evarista (Mama Happy).

Mdogo wangu Alinanuswe,
Sisi wazima. Hapa tumepanga kwa muda tu, mwenye nyumba ni mtu mwema. Tunakaribia kurudi. Ukija usipotee huku Iringa, shukia Iyunga, uliza kwa mwalimu wa useremala. Ukikuta mlango umefungwa ningoje barazani. Ufunguo ninao mimi.
Kaka yako,
Asukile.