Barabara Uliyoipitisha Jikoni Kwangu

Baba Achieng wangu,

Nimekukasirikia tangu tukuzike, na leo utanisikia.

Kaunsili ilisema mtaa wetu huu wa kando ya Mto Migori utabomolewa wote, ila tukionyesha kwa ramani njia ya gari la zimamoto. Mchoraji ulikuwa wewe. Ulivuta tepu mlango hadi mlango, majirani nyuma yako na vigingi, kila mmoja akilia, "Si kwangu, jamani!" Jioni ukanionyesha mstari. Umepita katikati ya jiko langu!

"Kwa nini sisi?" nikakuuliza.

"Nikiupinda kwangu, nani ataukubali kwake? Nitakujengea nyumba nyingine pale juu, tingatinga la kufungua njia halijafika."

Nilikununia, lakini moyoni nilijivunia mume. Kisha malaria ikakuchukua hujachimba hata shimo moja.

Tulikuzika kwenu, upande wa Rodi Kopany. Machozi hayajakauka, kaka yako akanijia. "Mama Achieng, mjane hajengi. Nguzo ya kwanza husimamishwa na mwanamume. Nikurithi kwanza, la sivyo chira itawamaliza watoto." Niliogopa, sikufichi. Laana hiyo nimelelewa nayo, na Achieng wiki ile alikuwa anakohoa. Lakini kulala na yule mtu? Wapi!

Kaunsili ikaikubali ramani yako, na tingatinga likaanza kunguruma kule chini sokoni. Vyombo vyangu viko nje, sina pa kuviingiza. Mafundi walikuja, wakaona hakuna mwanamume, wakaketi. "Tumngoje shemeji yako, mama."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," nikawaambia, nikashika mtaimbo. Nilichimba mwenyewe. Nguzo nikaitumbukiza mwenyewe, kaka yako akipiga kelele kwamba nimeua watoto wa ndugu yake. Watu wamejaa, hakuna anayegusa. Mama yako alikuwa amekuja kunizuia. Akaweka kikapu chini, akaishika ile nguzo kwa mikono miwili.

"Shindilia, mwanangu," akasema. "Inainama."

Basi nikashindilia, huku nalia kama mtoto.

Achieng amepona kifua, sasa ananizidi urefu. Mtaa haukubomolewa. Zimamoto sijaliona, ila wagonjwa wanatolewa kwa gari hadi mlangoni, na watu wanakutaja kwa wema. Nakukosa sana, hasa mvua ikipiga mabati na hakuna wa kubishana naye. Kaka yako bado anaingoja chira. Akipita hapa namkaribisha chai, anainywa akiwa amesimama nje.

Lala salama, mume wangu.

Mkeo, ambaye hakurithiwa,
Mama Achieng